Tukiweka stima kwa SGR, tuulize kwanza tanki la dizeli ni lita ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu hii stori ya kuweka stima kwa reli ya SGR, manake kila ikitajwa watu wanagawanyika pande mbili tu. Wa kwanza wanasema Tanzania wametupita, treni yao inatoka Dar hadi Dodoma kwa stima tangu 2024, Ethiopia nao wanaenda mpaka Djibouti kwa stima, na sisi tangu tuzindue Madaraka Express Mei 2017 bado tunachoma dizeli. Wa pili wanawajibu, stima gani, hii ya kupotea wingu likitanda? Na wote wawili wana ukweli. Mwaka wa 2023 karibu nchi yote ilizimika mwezi wa Agosti, ikazimika tena Novemba, ikazimika tena Desemba, hilo hakuna wa kulikana.

Mimi ni fundi wa majenereta, kazi yangu ni dizeli na stima kila siku, na kinachoniuma ni kwamba kuna njia ya katikati ambayo hatuizungumzii hata kidogo. Kuna injini za treni za mbili kwa moja. Penye waya zinainua pantografu, ule mkono wa juu ya paa wa kugusa waya, zinavuta stima ya gridi, penye hakuna waya zinashusha, zinawasha dizeli yao wenyewe na safari inaendelea, abiria hata hashuki kwa kiti. Ni kama jengo la town lenye laini ya Kenya Power na jenereta huko chini, katikati kuna chenjova, ile swichi ya kubadilisha kutoka laini kwenda jenereta. Tofauti ni moja tu lakini ndio kila kitu: jengo halitembei. Treni inabeba jenereta yake na mafuta yake mgongoni, kilomita baada ya kilomita, hata siku ambayo haiyahitaji. Ndio maana mimi nikisikia mtu anapendekeza injini za aina hii swali langu la kwanza ni tanki. Lita ngapi, na umepimia safari gani?

Hizi injini hazikuanza jana. New York ndio wamezizoea zaidi na sababu ilikuwa moshi. Januari 1902 treni mbili ziligongana ndani ya handaki la Park Avenue, moshi na mvuke ulikuwa umejaa dereva hakuona ishara ya kusimama, watu 15 wakafa, na baada ya hapo ikapitishwa sheria injini za mvuke zisiingie Manhattan kuanzia 1908. Stesheni ya Grand Central ya sasa ilipofunguliwa 1913 ikawa ya stima tupu. Sasa treni za kutoka mbali kusiko na stima zitaingiaje? Kwa miaka mingi zilikuwa zinasimama njiani, injini moja inatolewa nyingine inafungwa, watu wanangoja. Ndipo kati ya 1956 na 1960 kampuni ya reli ya New Haven ikanunua injini 60 za aina ya FL9, dizeli ya kawaida lakini ina viatu vya chuma pembeni vya kugusa reli ya tatu, ile reli yenye stima, ukikaribia mji unazima dizeli unaingia kimya kimya.

Zilifanya kazi, tena kwa miaka mingi sana, lakini zina funzo ambalo sisi tunalihitaji. FL9 zilijua kuvuta stima ya reli ya tatu peke yake. Na hiyo New Haven ilikuwa tayari imetandaza waya wa juu, kazi kubwa ya miaka na pesa nyingi, sasa injini mpya zikawa zinapita chini ya huo waya zikichoma dizeli manake haziwezi kuugusa. Kwa hivyo ukiambiwa injini ni ya mbili kwa moja usishangilie, uliza kwanza ni stima gani. Ethiopia na Tanzania wote wametumia volti 25,000 za waya wa juu na hiyo ndiyo ya kawaida duniani kwa reli mpya, sioni kwa nini sisi tuende kutafuta kitu kingine.

Turudi kwa tanki sasa, hapo ndio penyewe. Ukiangalia injini za aina hii utaona ziko familia mbili na watu wanazichanganya. Kuna zile zenye dizeli kubwa kabisa, mfano mzuri ni ALP-45DP iliyotengenezwa na Bombardier kwa ajili ya reli ya New Jersey na Montreal. Ndani yake mna injini 2 za Caterpillar, kila moja nguvu za farasi 2,100, jumla 4,200, yaani kilowati 3,100 hivi, na kwa stima inafika kama farasi 5,300 na kitu. Tanki lake ni galoni 1,800 za Marekani, yaani lita 6,800 hivi. Halafu kuna zile za dizeli ndogo kama Class 88 ya Uingereza, hiyo kwa stima ina kilowati 4,000, ni mnyama, lakini ukishusha pantografu inabaki na Caterpillar moja ya kilowati 700 na tanki la lita 1,800. Imetengenezwa hivyo makusudi, ya kumalizia kipande kidogo cha mwisho kuingia bandarini au yadi isiyo na waya.

Ukizipigia hesabu utashangaa. Dizeli nzuri ikivuta kwa nguvu zote inakunywa kama robo lita kwa kila kilowati-saa moja, pungufu kidogo. Kwa hivyo ALP-45DP inamaliza kama lita 750 kwa saa, tanki linaisha baada ya saa 9 hivi. Class 88 inamaliza lita 170 kwa saa, tanki linaisha baada ya saa 10. Karibu sawa! Mtu wa ofisini akiletewa karatasi ya saa anaweza kusema basi hizi ni kitu kimoja, tuchukue ya bei nafuu. Hapana. Chukua treni ya tani 1,000, ipandishe mlima wa mita 1 kwa kila mita 100, mlima wa kawaida tu kwa SGR. Hiyo yenye kilowati 700 kwa hesabu yangu haifiki kilomita 20 kwa saa, mtu wa boda anaipita. Ile ya injini 2 inapanda kwa kama kilomita 80. Saa za tanki hazikuambii kitu bila kujua treni itakuwa wapi hizo saa zikiisha.

Na sisi jiografia yetu haituhurumii. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 472 na unapanda zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Treni ya tani 1,000 kuinuliwa tu hiyo mita 1,600, bila kuhesabu upepo wala msuguano, ni kilowati-saa kama 4,400. Kwa dizeli, ukitoa kinachopotelea kwa injini na kwa mota, hiyo ni zaidi ya lita 1,000 imeenda kwa kupanda peke yake. Ongeza msuguano wa njia nzima, kama lita 1,000 nyingine. Ongeza taa na eyakondishena za mabehewa, manake zile hazizimwi treni ikipanda, Voi na Mtito Andei mchana huwezi kuzima eyakondishena watu watazirai, weka lita mia kadhaa. Mimi nafika karibu lita 3,000 safari moja ya kupanda. Hii ni hesabu ya fundi, mainjinia wa reli watakuwa na yao iliyo sawasawa zaidi na ningefurahi wakiitoa, lakini hata ikienda juu au chini kidogo jibu ni lile lile: tanki la lita 1,800 halikufikishi Nairobi gridi ikizima ukiwa umetoka tu Mombasa.

Hapo ndio nataka kusema jambo langu. Tanki la hizi injini lipimwe kwa siku mbaya. Siku nzuri gridi iko, waya uko, dizeli haihitajiki isipokuwa vile vipande ambavyo hatujafika na waya. Lakini sababu yetu sisi Wakenya ya kutaka injini ya mbili kwa moja si vipande peke yake, ni blakiauti. Treni ya stima tupu gridi ikizima katikati ya Tsavo usiku, hiyo imesimama hapo na abiria zaidi ya elfu, watoto, wazee, hakuna feni, na ukumbuke Tsavo si mahali pa kuambia watu washuke watembee. Kama tunabeba dizeli basi tubebe ya kutosha kufikisha watu stesheni kutoka mahali popote kwa reli, na akiba juu. Kwangu mimi hiyo ni lita 5,000 hivi, na injini yenye nguvu ya kuzitumia ikipanda mlima na mabehewa yote.

Mtu atasema basi wekeni tanki kubwa tumalize maneno. Si rahisi hivyo na hapa naomba wasomaji wawe na subira. Lita 5,000 za dizeli ni tani 4 na kitu. Hiyo peke yake sawa. Lakini injini ya stima ya volti 25,000 ina transfoma, na transfoma ni chuma na shaba na mafuta ya kupoza, tani kadhaa, na mahali pake pazuri ni chini ya sakafu katikati ya magurudumu ili injini isiwe na kichwa kizito. Sasa hapo hapo katikati ya magurudumu ndio mahali pa tanki la dizeli tangu zamani. Vitu viwili vinagombania chumba kimoja. Ndio maana ALP-45DP ina lita 6,800 wakati P42, injini ya dizeli tupu ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, ina galoni 2,200, zaidi ya lita 8,300. Na bado ALP-45DP ina uzito wa kama tani 130 kwa ekseli 4, yaani jozi 4 za magurudumu, zaidi ya tani 32 kila ekseli.

Reli yetu ya SGR ilijengwa kwa tani 25 kwa ekseli.

Naomba hiyo sentensi mtu wa wizara aisome mara mbili, manake najua vile ununuzi wetu huenda, mtu anaona kitu kizuri kimefanya kazi mahali fulani anasema tuletewe hicho hicho. Hicho hicho hakiwezi. Kwetu lazima iwe ekseli 6, hapo una nafasi mpaka tani 150 na mzigo unagawanyika. Hata wale New Haven walikutana na shida hiyo hiyo, FL9 ilizidi uzito kwa madaraja ya kuingia Grand Central, wakaongeza ekseli moja nyuma, ndio maana ilikuwa na 5, mbele 2 nyuma 3, haikuwa urembo.

Na tusidhani ni mambo ya wazungu tu. Afrika Kusini walitengeneza injini 50 za aina ya Class 38 mapema miaka ya 90, zinavuta stima ya volti 3,000 na zina dizeli ndogo ya kuingia vichochoro vya viwanda, kazi ya mizigo hasa. Kwa hivyo mafundi wa kuuliza wapo bara hili hili, hatuhitaji kwenda mbali.

Sasa kuna wale wanaogopa kwamba injini za mbili kwa moja zitakuwa kisingizio cha kuacha waya nusu. Hofu hiyo naiheshimu kwa sababu imeshatokea. Uingereza waliagiza treni za Hitachi za kwenda magharibi na Wales, mpango ulikuwa waya ufike mbali, 2016 vipande kadhaa vikasimamishwa, 2017 kipande cha Cardiff hadi Swansea kikafutwa kabisa, na treni zilizokuwa ziwe za stima tupu zikafungwa dizeli chini ya sakafu. Zinakimbia, na zina kitu kimoja nakipenda sana, zinabadilisha kutoka stima kwenda dizeli bila kusimama. Lakini waya ulikwama. Montreal ndio mbaya zaidi. Walinunua ALP-45DP 20 kwa sababu ya handaki la Mount Royal ambalo dizeli hairuhusiwi, laini ya Mascouche ikafunguliwa 2014 ikapita humo hadi katikati ya mji, halafu 2020 handaki likachukuliwa kwa mradi mwingine wa reli. Zile injini za bei sasa zinafanya kazi kwa dizeli, zinabeba transfoma na pantografu kila siku za bure. Hiyo ndiyo hasara ya kununua injini kabla ya kuwa na uhakika na waya.

Kwa hivyo waya kwanza, hata kama ni kipande. Na mimi nina kipande changu. Kutoka Nairobi hadi Suswa ni kilomita 120, treni inatelemka Bonde la Ufa na kupanda tena, handaki la Ngong peke yake ni kilomita 4.5, na kila dizeli inayopita humo inaacha moshi ndani. Halafu angalia stima iko wapi. Suswa ndio pale laini kubwa ya kutoka Ethiopia inaishia, ndio pale umeme wa upepo wa kutoka Loiyangalani unafikia, na Olkaria iko jirani tu, ule mvuke wa ardhini ambao usiku watu wakilala mitambo hupunguzwa kwa kukosa wa kuutumia. Stima inapita juu ya reli kabisa na chini yake tunachoma dizeli iliyotoka kwa meli. Mtu anieleze.

Na kuna faida ya kutelemka ambayo dizeli haiwezi kukupa. Injini ya stima ikishika breki mota zinageuka jenereta, zinarudisha umeme kwa waya, treni inayotelemka inasaidia ile inayopanda. Injini ya dizeli ikishika breki za aina hiyo umeme unaenda kwa vyuma vya kuchomea joto juu ya paa, unapotea angani. Kwa reli yenye milima kama yetu hiyo si pesa kidogo.

Najua atatokea mwenye kuuliza, abiria wa Suswa wako wapi? Ni wachache, ni kweli, lakini mizigo ipo, na reli ikiendelea kwenda Kisumu na Malaba vile inavyopangwa, kila abiria wa magharibi atapita hapo. Kuanzia hapo waya ungeshuka kuelekea Athi River, Emali, Mtito, kila mwaka kipande, na injini zile zile zinaendelea kufanya kazi, kila mwaka zinawasha dizeli kidogo zaidi. Wale wa kutuambia tungoje tupate pesa za kilomita zote 600 kwa mara moja wanatuambia tungoje milele.

Tena hili naomba lisichanganywe na shida ya kubadilisha treni Syokimau. Nimesikia watu wakisema injini za mbili kwa moja zitafanya tupande town tushukie Mombasa. Haziwezi. Pale Syokimau tatizo ni upana wa reli, ya zamani ni milimita 1,000 na SGR ni 1,435, hakuna injini ya kutatua hiyo. New Jersey waliweza, laini ya Raritan Valley watu walikuwa wanashuka Newark wabadilishe treni, 2014 baadhi ya treni zikaanza kuingia New York moja kwa moja kwa sababu ya hizi injini, lakini wao reli ni upana mmoja kote.

Kitu cha mwisho ni cha kazi yangu na ndicho nakijua zaidi. Dizeli ikikaa haikai salama. Tanki likiwa nusu hewa yake inatoa maji usiku kukiwa baridi, maji yanashuka chini, vijidudu vinaota pale maji na mafuta yanapokutana, vinakuwa kama utelezi mweusi, siku unawasha injini filta zinaziba kwa dakika chache. Nimeitwa majengo ambapo stima imepotea, jenereta ni mpya kabisa inang'aa, imekataa, na ukifungua filta unaona mwenyewe kwa nini. Injini za treni za mbili kwa moja zina hatari hiyo hiyo kadiri waya unavyozidi kuwa mrefu, manake dizeli inawashwa mara chache. Na kuwasha kwa dakika 10 bila mzigo haisaidii, dizeli ikizungushwa bila kazi haipati joto, inajaza egzosi mafuta ambayo hayajaungua. Dawa ni kuiweka kwa ratiba, treni fulani siku fulani inavuta kwa dizeli kipande kirefu cha mlima na mabehewa yake hata kama waya uko, maji yanatolewa chini ya tanki kila wiki, na mafuta ya zamani yanachomwa kabla ya mapya kuongezwa. Hiyo iandikwe kwa mkataba wa matengenezo tangu siku ya kwanza, isiachiwe fundi wa zamu aamue.

Kwa hivyo Mhariri, ombi langu kwa wizara ya uchukuzi na shirika la reli ni kwamba siku wakitangaza zabuni ya injini mpya za abiria, zikiwa za stima au za mbili kwa moja, waweke wazi kwa magazeti: tanki lita ngapi na limepimiwa safari gani na mabehewa mangapi, dizeli peke yake ina kilowati ngapi, uzito kwa ekseli tanki likiwa limejaa, na kama inabadilisha ikitembea au mpaka isimame. Sisi mafundi tuko wengi hii Nairobi tunaoweza kuisoma hiyo karatasi, na tutaisoma.

Fundi wa majenereta,
Industrial Area, Nairobi